Bewa la Chuo Kikuu Lamu: Hatifungani, Sukuk au Ruzuku ya Serikali?

Kila mjadala wa kujenga bewa kamili la chuo kikuu Lamu hufika mahali pamoja: fedha zitatoka wapi? Jibu linalotajwa sana siku hizi ni hatifungani, yaani hati ya deni inayouzwa kwa wawekezaji kwa ahadi ya kuwarudishia fedha zao pamoja na riba, na hoja inayolitia nguvu ni kwamba elimu ya juu ina faida kubwa kiuchumi, kwa hivyo deni litajilipa. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Sehemu ya pili inahitaji kuchunguzwa kabla ya mtu yeyote kutia saini, kwa sababu aliyenunua hatifungani halipwi kwa faida iliyotapakaa mjini. Hulipwa kwa fedha zilizomo katika akaunti ya aliyekopa, kwa tarehe iliyoandikwa, aghalabu kila baada ya miezi sita.

Ninalinganisha hapa njia tano: hatifungani inayolipwa kwa kodi, hatifungani inayolipwa kwa mapato ya jengo lenyewe, sukuk (hati za uwekezaji zisizo na riba, zinazofuata sheria ya Kiislamu), mkopo wa mifuko ya uzeeni pamoja na ruzuku ya serikali, na mwisho harambee na wakfu. Sitazipa nafasi sawa, kwa kuwa hazina uzito sawa kwa watu wa Lamu.

Faida ipo, lakini iko mikononi mwa nani?

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2018 yalikadiria kuwa kila mwaka mmoja wa ziada wa masomo humwongezea mtu kipato kwa wastani wa asilimia 9, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara ni miongoni mwa sehemu ambako elimu ya juu humlipa zaidi aliyeipata. Kwa Lamu, jambo hili lina sura inayoonekana kwa macho. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, na bandari huhitaji wahandisi wa mitambo, manahodha wenye vyeti, wahasibu wa forodha na wataalamu wa mazingira ya bahari. Kijana wa Faza au Kizingitini aliyekulia baharini asiyekuwa na cheti huishia kuwa kibarua katika kazi ambayo mwenzake kutoka mbali ameajiriwa kuisimamia. Vyuo vikuu vya umma vya Pwani vilivyo kamili, kama vile Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, vyote vilipata hadhi hiyo mwaka 2013, na kwa mzazi wa Pate au Kiwayu kumpeleka mtoto huko ni gharama ya chombo, basi, kodi ya chumba na chakula juu ya karo.

Sasa tufuatilie faida hiyo inakokwenda. Mshahara mkubwa humwendea mhitimu. Kodi ya mshahara huo huiendea Serikali ya Kitaifa. Kodi ya vyumba humwendea mwenye nyumba, na yeyote apitaye barabara kuu ya Mombasa kuelekea Malindi huona jinsi nyumba za kupangisha zilivyoota kuzunguka chuo pale Kilifi. Mauzo ya chakula humwendea mama muuza mahamri na viazi vya karai. Chuo chenyewe hubaki na karo, ambayo hakina uhuru kamili wa kuipandisha, na mgao wa serikali, ambao mara nyingi huja umechelewa na umepungua. Ndiyo maana vyuo vikuu vya umma nchini vimelimbikiza madeni ya makumi ya mabilioni ya shilingi, ingawa wahitimu wao ndio wanaoendesha nchi.

Ipo pia hesabu ambayo watetezi wa miradi hii hupenda kuiruka. Wanafunzi 500 ambao wangesoma Kilifi wakisoma Lamu, faida ya Lamu ni hasara ya Kilifi, na taifa halijapata kitu kipya. Faida mpya hupatikana kwa yule ambaye asingesoma kabisa kama bewa lisingekuwa karibu, hasa binti ambaye wazazi wake hawako tayari kumwacha akapange chumba katika mji wa mbali. Idadi ya wanafunzi wa aina hiyo ndiyo kipimo cha kweli cha thamani ya bewa, na ndiyo inayopaswa kukusanywa shule kwa shule kabla ya kuchora ramani.

Hatifungani inayolipwa kwa kodi

Wanaotupa mfano wa Marekani huwa wanazungumzia aina hii. Mwaka 2000 wapiga kura wa North Carolina waliidhinisha hatifungani za dola bilioni 3.1 kwa ajili ya majengo ya vyuo vikuu na vyuo vya jamii, na asilimia 73 walikubali. Mwaka huohuo California ilipitisha kanuni inayoruhusu wilaya za shule na za vyuo vya jamii kuuza hatifungani kwa ridhaa ya asilimia 55 ya wapiga kura badala ya theluthi mbili, kwa masharti ya ziada. Deni la wilaya hizo hulipwa kwa nyongeza ya kodi ya majumba na ardhi: kila mwenye nyumba katika wilaya ya chuo huongezewa kiasi kidogo katika ankara yake ya mwaka. Kwa njia hiyo, mwenye nyumba ambaye thamani ya mali yake hupanda kwa sababu ya chuo, hukichangia chuo. Aliyefaidika na anayelipa ni mtu mmoja, na mpango hapo husimama vizuri. Tena riba ya hatifungani hizo kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani, kwa hivyo mwekezaji hukubali riba ndogo.

Je, Lamu inaweza? Kifungu cha 212 cha Katiba ya 2010 kinasema kaunti itakopa tu ikiwa Serikali ya Kitaifa imeidhamini na Bunge la Kaunti limekubali. Kaunti ya Laikipia iliwahi kuandaa hatifungani ya shilingi bilioni 1.16, na pamoja na juhudi zote haikufika sokoni. Isitoshe, Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na elimu ya vyuo vikuu ikabaki kwa Serikali ya Kitaifa. Hata kama milango hiyo ya sheria ingefunguka, kodi ya ardhi yenyewe haipo ya kutosha. Sehemu kubwa ya ardhi ya Lamu haina hatimiliki, na usipojua mwenye kiwanja ni nani, huwezi kumpelekea ankara. Njia hii ni nzuri kimsingi, na natamani siku moja iwezekane, lakini kwa sasa haina mguu wa kusimamia hapa.

Hata huko Marekani imewahi kuumiza. Mwaka 2011 wilaya ya shule ya Poway, California, ilikopa dola milioni 105 kwa mkataba uliowaruhusu wasilipe chochote kwa miaka 20, na jumla ya deni ikakaribia dola bilioni moja. Malipo yaliwekwa mabegani mwa watu ambao wakati wa kutia saini walikuwa watoto wa shule. Bunge la jimbo lilizibana hatifungani za namna hiyo mwaka 2013.

Hatifungani inayolipwa kwa mapato ya jengo

Hapa ndipo penye mifano ya kwetu, na ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi.

Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilitoa hatifungani ya kwanza ya kijani nchini Kenya, yaani ya miradi inayojali mazingira, kwa ajili ya kujenga mabweni ya wanafunzi jijini Nairobi. Ilipata takriban shilingi bilioni 4.3 kwa riba ya asilimia 12.25, na nusu ya deni ilidhaminiwa na GuarantCo, taasisi ya kimataifa ya udhamini. Mlipaji alikuwa mwanafunzi aliyelala katika kitanda kile, na kodi yake ndiyo iliyokwenda kwa mwekezaji. Jirani zetu wa Tanga nao, mwaka 2024, kupitia mamlaka yao ya maji, waliuza hatifungani ya shilingi za Tanzania bilioni 53.12 ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, ambayo italipwa kwa ankara za maji. Mji wa mwambao, kama wetu, uliingia sokoni na wanunuzi wakapatikana. Sababu ni kwamba maji yana mita, na kila mwezi kuna fedha zinazoingia.

Tuweke hesabu ya mfano. Tuseme bewa la Lamu linataka mabweni ya vitanda 1,000 kwa gharama ya shilingi 600,000 kwa kitanda, yaani milioni 600, na deni lilipwe kwa miaka 15 kwa kiasi sawa kila mwaka. Kwa riba ya asilimia 13, malipo ni karibu shilingi milioni 92.8 kwa mwaka. Kila kitanda kinabeba shilingi 92,800, au zaidi kidogo ya 10,300 kwa mwezi katika mwaka wa masomo wa miezi tisa, kabla ya kulipa umeme, maji, mlinzi na fundi wa mabomba. Riba ikishuka hadi asilimia 5, mzigo wa kitanda unakuwa takriban 57,800 kwa mwaka, au 6,400 kwa mwezi. Na ikiwa riba ni ileile 13 lakini vitanda 300 kati ya 1,000 vinabaki vitupu, wale 700 waliobaki watalazimika kubeba zaidi ya 132,000 kila mmoja. Mwanafunzi wa Nairobi anayetoka katika familia yenye uwezo anaweza kulipa kodi hiyo. Mtoto wa mvuvi wa Ndau hawezi, na mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi, hautamfikisha.

Riba yenyewe haiko mikononi mwa chuo. Februari 2024 Serikali ya Kenya iliuza hatifungani yake ya miundombinu kwa asilimia 18.46, na mapato yake hayatozwi kodi. Riba zimeshuka tangu wakati huo, lakini somo limebaki: mwenye fedha huuliza kwanza serikali inalipa ngapi, kisha humtaka mkopaji mwingine amlipe zaidi ya hapo. Chuo Kikuu cha Oxford kiliuza mwaka 2017 hatifungani ya pauni milioni 750 ya miaka 100 kwa riba ya asilimia 2.544, kwa kuwa soko liliamini kwamba baada ya karne moja chuo hicho kitakuwa pale pale. Bewa jipya ambalo halijahitimisha hata kundi moja la wanafunzi haliwezi kuomba imani ya namna hiyo.

Gharama ya kujenga nayo ina jambo lake la Lamu. Ndani ya Mji wa Kale, ambao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, saruji hushushwa gatini mfuko kwa mfuko, ikabebwa begani, kisha punda wakapita nayo vichochoroni pamoja na magunia ya mchanga na mawe. Kila hatua ina ujira wake, na mkandarasi ataiandika katika zabuni. Visima vya Shela, ambavyo mji wote unavitegemea kwa maji matamu, havitahimili watu elfu moja zaidi kwa urahisi. Kwa hivyo yeyote anayefanya hesabu za kitanda afanye kwa bara, upande wa Mokowe au Hindi, ambako lori linafika hadi kwenye msingi.

Sukuk

Katika mji ambao wafanyabiashara wengi huacha fedha zao bila faida yoyote kwa kuogopa riba, kuuza hatifungani ya kawaida ni kuwafungia mlango wateja wa kwanza waliokuwa tayari kukusaidia. Sukuk hutatua jambo hilo kwa kubadilisha uhusiano. Wawekezaji, kupitia kampuni maalumu, humiliki jengo au haki ya kulitumia. Chuo hupanga jengo hilo na kulipa kodi ya pango. Muda ukiisha umiliki hurudi kwa chuo. Kenya ilipata sukuk yake ya kwanza mwaka 2023, ile ya Linzi, ya shilingi bilioni 3 kwa miaka 15, kwa ajili ya nyumba 3,069, ikiwa na faida inayokadiriwa kuwa asilimia 11.13. Nyumba na mabweni ni mali za jinsi moja: vyumba vinavyolipiwa kodi. Mfano huo unaweza kufuatwa bila kubuni kitu kipya.

Mtu asidanganyike, hata hivyo, kwamba sukuk ni fedha za bei rahisi. Asilimia 11 ni mzigo uleule katika hesabu ya kitanda, hata kama jina lake si riba. Tofauti yake ya kweli iko katika masharti: lazima kuwe na mali halisi, yenye hati safi, na mwenye kumiliki hubeba hatari za kumiliki, kama vile jengo kuungua. Sharti hilo la hati ndilo litakalotusumbua. Kiwanja cha chuo cha umma ni mali ya umma, na kiwanja cha wakfu hakiuzwi. Vyote viwili vitahitaji mkataba wa kukodisha ardhi kwa muda mrefu ulioandikwa na wanasheria pamoja na wanazuoni, wakikaa meza moja tangu mwanzo.

Mifuko ya uzeeni na ruzuku

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kilijengwa kwa mikopo ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Majengo yalisimama haraka, kwa ukubwa ambao vyuo vingi vya kanda hii havijawahi kuuona. Lakini Serikali ilichelewa kuirejeshea mifuko fedha zake, na deni hilo likatajwa katika ripoti za Mkaguzi Mkuu mwaka baada ya mwaka. Chuo kilipata, mfanyakazi anayengoja kiinua mgongo akabaki na wasiwasi. Anayependekeza njia hii Kenya aseme wazi ni kifungu gani cha bajeti kitakacholipa.

Ruzuku ya moja kwa moja ya Serikali ya Kitaifa ni ya polepole, hutegemea siasa, na jengo linaweza kusimama likiwa nusu kwa miaka. Pamoja na kasoro hizo, kwa kumbi za mihadhara, maabara na maktaba sioni njia iliyo halali zaidi yake. Maabara ya uhandisi wa bahari haina wapangaji wa kutozwa kodi ya pango. Faida yake hulifikia taifa lote kupitia bandari, na kodi za wahitimu huingia Hazina ya Kitaifa. Anayepokea faida ndiye anayepaswa kulipa. Lamu na Kilifi zimo katika orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizotambuliwa kuwa zimeachwa nyuma, na dai la bajeti ya maendeleo si ombi la fadhila.

Harambee na wakfu nitazipitia kwa ufupi. Harambee ilizaa vyuo kadhaa vya teknolojia nchini katika miaka ya 1970, na wakfu umelea vyuo vya dini vya mwambao kwa vizazi. Zote mbili zinafaa sana kwa kiwanja, kwa kisima, kwa ufadhili wa wanafunzi fukara. Hazifai kubeba ratiba ya mkandarasi, ambaye hulipwa kwa hatua na hasubiri mchango wa Ijumaa ijayo.

Nini cha kuchagua

Kwa Lamu, chaguo langu ni kugawa mradi mara mbili. Majengo ya kusomea yadaiwe katika bajeti ya Serikali ya Kitaifa, na yasiingizwe katika deni lolote la chuo. Mabweni yajengwe kwa sukuk, yakianzia vitanda 300, baada ya hati ya ardhi ya bara kupatikana na baada ya idadi ya wanafunzi kujulikana. Pengo kati ya kodi ambayo sukuk inaihitaji na kodi ambayo mwanafunzi anaimudu lizibwe kwa wakfu wa kudumu, unaolipia vitanda vya wasio na uwezo.

Kikwazo kinachobaki ni udogo. Wanasheria, wakadiriaji, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Soko la Hisa la Nairobi wana ada ambazo hazipungui kwa kiwango kilekile mradi unapokuwa mdogo; katika toleo la shilingi milioni 180, ambayo ni gharama ya vitanda 300, zitakula sehemu ambayo katika toleo la bilioni 3 isingehisiwa. Kwa hivyo Lamu isiingie sokoni peke yake. Chuo cha Kilifi, cha Mombasa na cha Taita Taveta vina haja ileile ya vitanda, na toleo moja la pamoja lingepunguza gharama na kutawanya hatari. Kiwango cha chini cha kununua kiwekwe chini pia. Hatifungani ya Serikali iitwayo M-Akiba, ya mwaka 2017, iliuzwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000. Toleo la majaribio la milioni 150 lilimalizika, ingawa lililofuata halikufikia lengo, na sababu moja iliyotajwa ni kwamba watu hawakuelezwa vya kutosha. Maelezo ya Kiswahili, yaliyotolewa msikitini, barazani na redioni, yasiachiwe wiki ya mwisho.

Kwa msomaji wa Malindi, jibu langu ni jingine. Mji huo una hoteli na nyumba za wageni ambazo hukaa bila watu msimu unapokuwa mbaya, barabara ya lami inafika, na Kilifi iko karibu. Kabla ya kukopa hata shilingi moja ya mabweni, chuo kinachotaka kufungua bewa Malindi kikodi majengo yaliyopo kwa mkataba wa miaka mitano au kumi, kikapima idadi ya wanafunzi kwa vitendo.

Njia yoyote itakayochukuliwa, sharti moja la California linafaa kuandikwa katika mkataba wenyewe. Kanuni yao ya mwaka 2000 ililazimisha kila wilaya inayouza hatifungani za namna hiyo kuunda kamati ya raia wasio waajiriwa wa chuo, na kufanyiwa ukaguzi wa hesabu kila mwaka hadi fedha za ujenzi ziishe. Kamati ya Lamu iwe na mwanafunzi, mzazi kutoka visiwa vya kaskazini, mhasibu mstaafu na mwakilishi wa walionunua sukuk, na taarifa yao ya kila miezi sita ibandikwe mahali ambapo kila mtu anapita, kwa lugha ambayo kila mtu anaisoma.